Jibu: cheti cha marehemu baba kimeandikwa "82 Air Force", je ni feki?

Habari ndugu, na pole sana kwa msiba. Unasema cheti cha mzee ni cha 1986, kimeandikwa 82 Air Force na kule kwa mirathi wanakuambia jeshi hilo halipo. Usikitupe! Kwanza angalia tarehe, mambo yote yako hapo.

Kenya Air Force ilianza 1 Juni 1964, halafu Jumapili ya 1 Agosti 1982 wanajeshi wake wa vyeo vya chini wakajaribu kupindua serikali, wakashika redio ya taifa, VOK (Voice of Kenya), jeshi la nchi kavu likawazima siku hiyo hiyo. Baada ya hapo jeshi la anga likavunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force chini ya Jenerali Mahamoud Mohamed, na jina la zamani likarudi 1994. Kwa hivyo karatasi ya 1986 LAZIMA iseme 82, ingesema Kenya Air Force hapo ndio ningeshtuka.

Pia cheki jina la kambi, Eastleigh ikawa Moi Air Base na Nanyuki ikawa Laikipia, ndege za kivita za F-5 ndiko zilikokaa. Mjomba wangu alikuwa fundi huko, karatasi zake zina majina mawili tofauti na kambi ni ile ile, na sisi tulizungushwa miezi mpaka tukapeleka zote mbili pamoja, namba yake ya jeshi ndiyo ilikuwa haijabadilika. Tafuta hiyo namba kwa cheti cha mzee, anza nayo.