Lasanya inayotoa maji

SWALI: Hujambo, Mama? Nilipika lasanya, wakwe walipokuja. Nilitumia nyama ya kusaga nusu kilo, nyanya kumi za Marikiti, jibini la cheddar, na pasta nikaichemsha kwanza. Nilipokata, maji yalitiririka kwenye sahani, na jibini la juu lilikuwa gumu kama kandambili. Walikula kwa adabu tu. Kosa liko wapi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Sijambo, mwanangu. Nyanya kumi kwa nusu kilo ya nyama? Huo ni mchuzi wa kulia ugali. Bologna, mji wa Italia kunakotoka lasanya ya aina hii, mapishi ya ragù yao, yaani mchuzi wa nyama, yalisajiliwa katika Chemba ya Biashara ya mji mwaka 1982, na humo nyama ndiyo nyingi, nyanya haba, tena kuna maziwa. Wewe tumia nyanya tatu na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Kaanga kitunguu, karoti na seleri, tia nyama iwe kahawia kabla ya nyanya, kisha acha moto mdogo saa moja na nusu mpaka mafuta yaelee. Mwambie wa bucha akusagie nyama iliyo na mafuta kiasi. Steki tupu hukauka.

Kisha mchuzi mweupe, ambao hukuutaja kabisa! Siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa nusu lita na kidogo. Kaanga unga kwenye siagi dakika mbili, mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga, kisha ukune kungumanga juu yake. Ukiwa mzito wa kubaki kwenye mwiko, basi.

Pasta kavu usiichemshe ikiwa pakiti inaruhusu: itanyonya unyevu wa michuzi, na hayo ndiyo maji uliyoyaona sahanini. Ukichemsha, ikaushe kwa kitambaa safi.

Jibini: cheddar peke yake hutoa mafuta na kukauka. Changanya na mozzarella, nunua kipande ukune mwenyewe, kwa kuwa lililokunwa kiwandani hupakwa wanga lisigandamane. Parmesan ni ghali Nairobi, lakini kiganja kimoja juu kinatosha. Funika kwa foili, nyuzi 180, dakika 25. Fungua, 15 zaidi. Wenye oveni za umeme watasema tokeni zinaisha. Oka trei mbili kwa mpigo, moja uweke friza. Ikitoka, iache dakika 15 kabla ya kuikata. Wageni watasubiri.

SWALI: Sina oveni, nina meko ya gesi na jiko la makaa. Nitaweza?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Utaweza, na jiko la makaa ndilo bora hapa. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa nzito, juu yake sufuria ndogo yenye lasanya, kisha funika kwa kifuniko cha bati bapa. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Bila ya juu, jibini litayeyuka tu bila kubadilika rangi, na ndivyo itakavyokuwa ukitumia meko. Chungulia baada ya nusu saa. Ukisikia harufu ya kuungua kabla ya hapo, ondoa makaa ya chini kwanza.