Saluni wanataka kunichubua uso kwa asidi. Nikubali?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Mwanza. Chunusi zimekwisha ila zimeniachia madoa meusi mashavuni. Saluni moja mtaani kwetu wanafanya pilingi, wanasema uso unabanduka kwa wiki moja na madoa yanaondoka kwa mara moja tu. Nimepaka krimu ya kuchanganyiwa (mkorogo) kwa miezi mitano, nimeiacha mwezi uliopita. Hiyo asidi ina madhara?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo krimu imenishtua kuliko asidi yenyewe. Nitairudia.

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo hapa, maana tunasema "kuchubua" kwa mambo mawili tofauti. Mkorogo unaizuia ngozi kutengeneza rangi. Pilingi ni asidi inayopakwa kwa dakika chache ili kulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi, zibanduke na rangi iliyojikusanya ndani yake, ngozi mpya ipande. Kazi hiyo ngozi huifanya yenyewe kila siku, na tabaka la juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne. Asidi inaiharakisha tu. Kwa hiyo anayekuahidi madoa kuisha kwa mara moja, ama hajui kazi au amekusudia kukupaka kitu kikali mno. Sisi kliniki hufanya pilingi nyepesi mara 4 hadi 6, kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Ukali ndio kiini cha swali lako. Ngozi nyeusi ikiungua, hata kidogo, chembe zake za rangi hujibu kwa kumwaga rangi zaidi. Madoa uliyonayo yalitokea hivyohivyo: chunusi ilivimba, ilipopona ikaacha weusi. Asidi kali inaweza kurudia kisa hicho kwenye uso mzima, na nimewapokea wengi waliokuja na doa moja kubwa mahali palipokuwa na madoa kumi.

Asidi nazo hazifanani. Kwa ngozi ya chunusi mimi hupenda ya salisiliki, asilimia 20 hadi 30, kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta hivyo inaingia vinyweleoni, na ikikauka huacha ungaunga mweupe na kuishia hapo. Lakini ikiwa aspirini inakudhuru, au una ujauzito, hiyo si yako. Ya glikoliki, ambayo asili yake ni miwa, haijizimi. Lazima izimwe kwa maji yaliyochanganywa na baking soda kwa wakati wake, na anayepaka hatakiwi kuondoka hata kwenda kupokea simu. Ipo ya TCA (asidi ya trikloroasetiki), inayogeuza ngozi kuwa nyeupe kama imeganda, na hiyo haizimiki ikishaingia. Fenoli huzama ndani kabisa, huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa ngozi yetu siishauri. Waulize hao wa saluni: ni asidi gani, asilimia ngapi, na mnaizimaje? Wakikujibu "ni ya Uturuki, ni nzuri", chukua mkoba wako uondoke.

Sasa ile krimu. Mikorogo mingi ina steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli au betamethazoni, mingine haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Miezi mitano ya steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, na asidi ambayo kwa mwenzako ingewasha kidogo tu, kwako itachoma. Kwa mwezi mmoja tangu uache, ngozi bado haijajirudi. Usifanye pilingi yoyote sasa, hata kwangu nisingekufanyia.

Nenda Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, uulizie kliniki ya ngozi. Madoa ya kahawia yako juu, yanatibika. Yenye ukijivu au ubuluu yamezama, na pilingi nyepesi haiyafikii. Mara nyingi jeli ya adapaleni au krimu ya asidi ya azelaiki kwa miezi mitatu, chini ya uangalizi, hutosha bila pilingi, na huwa nafuu zaidi. Daktari ndiye ataamua lini ngozi yako iko tayari kuanza, maana adapaleni nayo huwasha. Jua la ziwani huyarudisha madoa haraka, hivyo paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi na tena mchana ukiwa nje. Yenye rangi ya ngozi ni bora, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea weusi.

Siku ya miadi beba kopo la ile krimu, hata kama ni tupu. Daktari akijua ulichopaka, atajua ngozi yako inahitaji kusubiri kiasi gani.