Kupitia makala ya tiba ya michezo wakati jina la mwandishi linakuvuta

Dada, umesema jarida limekutumia makala juu ya majeraha ya misuli ya nyuma ya paja uipitie, yaani uikague kabla haijachapishwa, mwandishi ni profesa wa Ulaya mwenye sifa, nawe unaogopa jina lake litakupofusha. Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Lubumbashi na huwa napitia makala za aina hiyo. Woga wako una msingi kabisa.

Mwaka 2016 JAMA, jarida la tiba la Marekani, lilitoa jaribio moja: wapitiaji 119 wa jarida la mifupa walipewa makala ya kutungwa, yenye makosa yaliyopenyezwa makusudi. Walioonyeshwa majina ya waandishi mashuhuri, asilimia 87 walisema ichapishwe. Waliofichwa majina, asilimia 68. Walioyaona majina walizipa hata mbinu, yaani jinsi utafiti ulivyofanywa, alama za juu zaidi, na mbinu zilikuwa zilezile!

Matokeo nayo yanavuta. Jaribio jingine la 2010, pia kwenye majarida ya mifupa, lilionyesha kwamba tiba ikisemekana imefaulu, wapitiaji huikubali makala kwa urahisi zaidi na kuona makosa machache.

Kwa hiyo mwombe mhariri akufichie majina. Ikishindikana, mpe mwenzako akutolee kwenye karatasi sehemu ya mbinu peke yake. Isome, andika hukumu yako, ndipo ufungue matokeo. Mimi sikubali tena kufanya kinyume.

Kwenye mbinu, kaa sana kwa mtu aliyepima. Utafiti wa mazoezi hauwezi kumficha mchezaji kile anachofanya. Anajua kama anafanya zoezi jipya au la zamani. Lakini anayeandika "huyu ameumia, huyu hakuumia" anaweza kufichwa nani yuko kundi gani, na mara nyingi hafichwi: kine yuleyule anayesimamia mazoezi ndiye anayehesabu majeraha. Kisha uliza jeraha ni nini kwao. Ni maumivu tu, au ni mechi aliyokosa? Hilo liliamuliwa kabla ya msimu, au baada ya kuona hesabu? Na walioacha katikati wamehesabiwa wapi?

Tazama kuficha kunavyosaidia. Sindano za plazma yenye chembe-sahani, inayotolewa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, zilisifiwa sana kwa kano ya kisigino. Uholanzi wakafanya jaribio kwa wagonjwa 54, likachapishwa 2010: mgonjwa hakujua amechomwa plazma au maji ya chumvi, na mpimaji pia hakujua. Tofauti haikuonekana.

Jambo moja linaniuma. Makala ikitoka Bukavu au hapa kwetu, wengine huidai mambo wasiyoidai ya Oslo. Usifanye hivyo. Wala usiilegezee kwa sababu ni ya wetu. Kijana wa Lupopo au wa Mazembe, timu zetu za mpira, atakayetibiwa kwa utafiti mbovu ndiye atakayeumia.

Na kama profesa huyo alikufundisha, au mna kazi pamoja, mwandikie mhariri leo, kabla hujaendelea kusoma. Yeye ndiye wa kuamua kama ubaki.