Kijana, uliza bei yako kabla hujasaini

Wiki jana kijana mmoja aliniandikia. Wazazi wake ni watu wa Tanga, yeye kazaliwa huku huku Texas, anacheza besiboli ya chuo, na skauti, yaani msaka vipaji, wa klabu moja kubwa kamdokeza kwamba Julai hii huenda wakamchukua kwenye raundi za mwisho za drafti, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu. Bonasi yenyewe, ile pesa ya kusaini, ni ndogo. Mamake anataka amalize digrii kwanza. "Kaka," ananiuliza, "nisaini au nisisaini?"

Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Nilipojikuta nimefika wa arobaini nikaona bora niyalete hapa, maana najua mko wengi, na sidhani kuna anayesoma ukurasa huu kwa hamu ya kuwa mhasibu.

Mimi ni mdakaji, yule anayechuchumaa kudaka mipira ya mrushaji. Siku hizi sidaki kitu isipokuwa mwanangu akijirusha kutoka kwenye kochi, lakini ukiwahi kuwa mdakaji magoti yako hayatakuruhusu usahau. Nilizaliwa Kisauni, Mombasa, tukahamia Ohio nikiwa na miaka 7. Babangu hadi leo besiboli anaiita raundasi ya wanaume. Mamangu ndiye aliyeuelewa mchezo mapema, kwa kuwa raundasi aliicheza kweli shuleni kwao, na kwenye kati hakuna mtoto wa mtaa aliyekuwa akimlenga akampata. Miaka ya shule na chuo naiacha. Nilidaka, nikakua, nikadaka.

Juni 2018 nikachukuliwa raundi ya thelathini na kitu. Enzi hizo drafti ilikuwa na raundi 40. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja chuoni. Simu ikaja, mtu akanitajia dola 2,000, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuitamka ile elfu. Mamangu akapika biriani ya ukumbi mzima, jamaa wakaja kutoka Indiana na Kentucky, na nikipiga hesabu leo, biriani ile peke yake ilikula robo ya bonasi yangu.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Wamarekani timu hizi ndogo wanaziita mashamba. Kila klabu kati ya zile 30 za ligi kuu ina ngazi zake za kupandia: unaanzia kambini Arizona au Florida, unakwenda A, halafu A ya juu, halafu Double-A, halafu Triple-A, na juu ya hapo ndipo kwenye taa na televisheni. Jina la shamba ni sahihi kuliko wanavyojua wao. Shambani kuna mche na kuna kibarua. Mche unamwagiliwa maji, unawekewa kivuli, ukinyauka daktari anaitwa. Kibarua kazi yake ni kubeba ndoo. Wote wawili mtawaona shambani asubuhi, wote wana matope miguuni, na kwenye picha ya timu wamevaa jezi moja.

Bonasi ndiyo inayokwambia wewe ni yupi. Si kocha, si skauti, si mjomba wako. Aliyekulipa milioni 2 lazima aihangaikie pesa yake. Aliyekulipa 2,000 ameshailipa na ameshasahau.

Na mdakaji ndiye kibarua wa vibarua. Fikiria kambi ya Februari na Machi. Warushaji wamejaa, kila mmoja lazima arushe, na kila anayerusha anahitaji mtu wa kuchuchumaa mbele yake. Kwa hiyo klabu inakusanya wadakaji kuliko mahitaji ya mechi zake, si kwa sababu inaona mustakabali wao, bali kwa sababu mipira haiwezi kurushwa ukutani. Saa kumi na mbili asubuhi nipo uwanjani Arizona, baridi ya jangwani bado ipo, nimeshafunga gadi za miguu. Nadaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wenzangu wanaocheza nafasi nyingine wanapiga mipira, wanatazamwa na wakubwa wenye miwani na daftari. Mimi zamu yangu ya kupiga inafika jua likiwa utosini, wakubwa wamekwenda kula. Mwaka 2019 kambi hiyo haikuwa na mshahara kabisa. Msimu ukianza, ngazi ya A ililipa dola 290 kwa wiki, na ukiwa safarini dola 25 za chakula kwa siku. Tulikodi nyumba ya vyumba viwili watu sita. Mimi nililala kwenye godoro la upepo lililokuwa likipumua usiku kucha kama mgonjwa.

Kulikuwa na mrushaji mmoja, mtoto wa miaka 19, bonasi yake ilikuwa na tarakimu saba. Kiangazi kizima nilimdaka mimi. Nilimfundisha kutulia, nilimzuilia mipira ya kwenye vumbi kwa kifua changu, nilisimama mbele ya mwamuzi nikatukanwa mimi badala yake. Akafanya vibaya mechi nne mfululizo, akapandishwa ngazi. Mimi wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemnasa mwizi wa besi, yule mkimbiaji anayechomoka kwenda besi ya mbele mrushaji akirusha, katika kila mechi niliyoanza. Nikabaki. Sitaficha kwamba wastani wangu wa kupiga ulikuwa .214, na anayetaka kucheka acheke, lakini mkono wangu ulikuwa mkono. Waulizeni waliojaribu kuiba besi ya pili.

Mnajua kilichokuwa kikinishikilia? Piazza. Kila mdakaji wa raundi za mwisho ana Mike Piazza wake kichwani: alichukuliwa raundi ya 62 mwaka 1988, mtu wa 1,390, na mwaka 2016 akaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Hadithi hiyo nilihadithiwa na makocha watatu tofauti, na wote watatu walikuwa wanataka nikadake mtu wakati huo. Hakuna aliyeniambia kwamba tangu 2021 drafti ina raundi 20 tu. Mlango alioingilia Piazza umeshajengwa ukuta.

Na Gift Ngoepe. Huyu nampenda, naomba asiguswe. Mtoto wa Afrika Kusini, mamake akifanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg na wao wakiishi humo humo klabuni. Aprili 26, 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa na kukulia barani mwetu kucheza ligi kuu, na Pirates wa Pittsburgh, na zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga, mrushaji akiwa Jon Lester, akaupiga mpira akafika besi. Nilikuwa bwenini chuoni, nikalia. Nikampigia babangu. Akauliza alisaini lini. Nikamwambia 2008. Kimya kidogo, kisha: "Miaka 9, alikuwa anakula nini?"

Nilimkasirikia siku ile. Leo mimi ni baba na ndilo swali ninalokuuliza wewe.

2020 naipita haraka, mnaijua. Msimu ulifutwa, tulilipwa dola 400 kwa wiki tukae nyumbani, na mamia ya wenzangu waliachwa kwa simu. Mimi nilibakizwa, nikajiona mche. 2021 nikafika A ya juu. Mwisho wa Machi 2022, asubuhi, mtu akanigusa bega nikiwa nafunga kamba za viatu, akaniambia meneja ananihitaji ofisini. Dakika nne. Nilipotoka jina langu lilikuwa limeshabanduliwa kabatini, ile gundi bado inanata.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniamsha usiku. Mwaka huo huo wa 2022 ndio klabu zilianza kulazimika kuwapa wachezaji wa mashambani nyumba. Septemba wakaingia kwenye chama cha wachezaji. 2023 ukasainiwa mkataba, ngazi ya A ikapanda hadi dola 26,200 kwa mwaka, Double-A 30,250, Triple-A 35,800. Mimi nimelala kwenye godoro la upepo misimu yote, nimeondoka, ndipo vitanda vikaletwa. Na mwaka ule ule wa 2022 klabu ya Dodgers ya Los Angeles ikawasaini vijana wawili warushaji kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikajiuliza pia nani atawadaka.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Tanga, uliza bei yako. Una mwaka umebaki chuoni? Basi hiyo ndiyo silaha yako pekee, kwa sababu unaweza kusema hapana ukarudi darasani, na wao wanajua. Aliyemaliza chuo hana pa kurudi, ndiyo maana anapewa hela ya biriani. Mimi nilikuwa na silaha hiyo mfukoni nisijue. Mwaka wangu klabu iliruhusiwa kumlipa mtu wa baada ya raundi ya 10 hadi dola 125,000 bila kugusa fungu lake la bonasi lenye kikomo. Mia na ishirini na tano elfu! Nami nikakubali 2,000 huku nikisema asante sana.

Halafu kuna kipengele cha masomo. Klabu inaweza kuandika kwenye mkataba kwamba itakulipia chuo ukiacha mchezo, lakini haitakiandika usipokitaka, na lazima uanze kusoma ndani ya miaka 2 tangu uache kucheza. Mimi sikukitaka, kwa kuwa kuuliza habari za kuacha nilidhani ni mkosi. Vijana, kuuliza si mkosi. Kuuliza si woga. Dua mwachieni mamangu na mamenu, nyinyi ulizeni bei. Jifunzeni pia Kihispania, maana warushaji wengi utakaowadaka ni watu wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na anayeelewana na mrushaji anabakizwa wiki mbili zaidi. Wiki mbili si haba. Lakini kwanza ulizeni bei.

Na usiniambie wewe unacheza kwa mapenzi. Na mimi nilicheza kwa mapenzi. Kibarua naye anaipenda mvua.

Mwambie mamako digrii haijakimbia, ila mwonyeshe pale ilipoandikwa kwenye mkataba. Skauti akikupigia, usimjibu palepale. Mwambie utampigia kesho. Kisha nipigie mimi. Baada ya saa tatu usiku ndio vizuri, mtoto anakuwa amelala.