Muulize Fundi: Harufu ya oili iliyoungua baada ya kupanda mlima wa Newala

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Newala, na nina gari dogo la Toyota la petroli ambalo limetembea kilomita 168,000. Kwa miezi miwili sasa, kila nikitoka Masasi na kumaliza kupanda mlima, nikisimama tu napata harufu kali ya oili iliyoungua, nayo huingia hadi ndani ya gari. Sijaona moshi kwenye ekzosi wala taa ya oili haijawaka, lakini oili inapungua kidogo kidogo. Fundi mmoja ameniambia kwamba ringi zimekwisha na injini ishushwe. Je, ni kweli? Na je, niendelee kuliendesha?

Mwalimu, Newala

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nakusihi usikubali injini ishushwe kabla hujaonyeshwa kwa macho yako mahali oili inapotokea, kwa sababu maelezo yako yanaelekeza kwingine kabisa. Oili inayoungua ndani ya silenda hutoka kwenye ekzosi ikiwa moshi wa buluu: ukionekana asubuhi unapowasha gari lililolala, mara nyingi ni vali sili (vipira vinavyozuia oili kupita kwenye vali), na ukionekana unapokanyaga mafuta, hapo ndipo ringi, yaani pete za pistoni, hushukiwa. Wewe huuoni moshi huo, na harufu unaipata ukisimama. Gari likiwa mwendoni upepo huipeperusha harufu, lakini likisimama hupanda kutoka kwenye boneti na kuvutwa na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Kwa hiyo ninaamini kwamba oili yako inavuja nje ya injini na kudondokea chuma cha moto.

Chuma hicho kwa kawaida ni manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, na oili huwa imetoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), iliyo juu yake. Gasketi hiyo ni ya mpira, na baada ya miaka mingi ya joto hukakamaa hata ukiikunja inakatika kama kopa la muhogo. Kwenye tambarare inaweza kutoa unyevunyevu tu, lakini mlimani injini hufanya kazi nzito, oili hupata joto na kuwa nyepesi, na manifoldi yenyewe huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndiyo maana unaporudi kutoka Masasi ndipo unapoisikia zaidi.

Kabla ya yote, chungulia chini ya gari uone kama kuna kipande cha kiroba kilichogandia kwenye bomba la ekzosi, kwa maana hicho nacho hunuka vibaya. Harufu yenye utamu ni ya maji ya rejeta, na inayofanana na karatasi iliyoungua ni ya klachi au breki. Ikiwa oili ilibadilishwa siku chache zilizopita, huenda ni ile iliyomwagika tu.

Kisha injini ipoe kabisa, na uioshe kwa sabuni ya grisi na maji kidogo, ukiwa umefunika jenereta na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) kwa nailoni. Usiruhusu mtu kuiosha kwa petroli, hata kama ndiyo desturi ya gereji hiyo. Ikishakauka, pakaa poda ya mtoto kwenye maungio ya tapeti kava, endesha dakika 15, kisha zima na umulike kwa tochi: penye mvujo poda itakuwa imelowa na kubadilika rangi. Chomoa koili pia utazame visima vya plagi, yaani mashimo zinamokaa plagi. Ukikuta oili humo, sili za duara za visima hivyo zimechoka, na zisipobadilishwa gari litaanza kumisi, yaani kukatakata. Usiisahau filta ya oili, kwa sababu wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umenata, filta mpya ikafungwa juu yake, na oili ikavuja.

Ikithibitika kuwa ni gasketi, ibadilishwe pamoja na sili za plagi. Mabaki yakwanguliwe kwa kipande cha plastiki, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha alumini na bisibisi hukichana. Silikoni isipakwe kila mahali. Tone dogo linatosha pale kava ya taimingi inapokutana na kichwa. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa injini nyingi kwa nguvu ya niutoni-mita 10 hivi, ambayo ni ndogo sana. Fundi anayezikaza kwa mkono mzima ataua uzi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita, nami linaniuma. Hapa Lindi niliwahi kuletewa gari ambalo gasketi yake ilikuwa imebadilishwa mara tatu na bado inavuja. Kosa lilikuwa kwenye vali ya kupumulia injini, iliyoziba kwa uchafu, mgandamizo ukakosa pa kutokea na kuisukuma oili nje. Mwambie fundi aichomoe na kuitikisa: nzima nyingi hugongagonga, iliyoziba hukaa kimya.

Kuhusu kuliendesha, safari fupi za mjini unaweza, ukipima oili kila asubuhi gari likiwa mahali tambarare. Mlima wa njia ya Masasi uuache hadi litengenezwe, kwa maana oili ya injini hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 200 hivi. Ukiona moshi kwenye boneti, simama, zima injini, toka na abiria wako, na usimwage maji. Tumia mtungi wa kuzimia moto.

Baada ya matengenezo harufu itabaki siku mbili tatu, mpaka oili iliyoganda kwenye manifoldi imalizike kuungua. Ikizidi wiki moja, rudia ile poda.