Uliza kilo kabla ya kusaini

Promota akikupigia simu Jumanne anakutafutia pigano la Jumamosi, usianze kuuliza mpinzani ni nani. Uliza kilo.

Umezoea ndondi za ridhaa, ambako unapimwa asubuhi ya siku unayopanda ulingoni. Kwenye ndondi za kulipwa, kwa kawaida unapimwa siku moja kabla, na hapo ndipo wageni hudanganyika: wanaona wana usiku mzima wa kurudisha walichojikamua. Chukua bondia wa kilo 66 anayetakiwa kushuka hadi uzani wa lait (lightweight), kilo 61.2. Akiwa na wiki 6, kilo 3 zitatoka polepole kwa kupunguza chakula, nusu kilo kila wiki, na kiasi kinachobaki ni maji na chakula kilichomo tumboni. Akiwa na siku 4, karibu zote ni maji, na mwili uliokauka huishiwa pumzi mapema na kuvumilia makonde vibaya. Mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki wakijikausha hivyo. Heri apigane uzani unaofuata juu, kilo 63.5.

Siku 3 za mwisho, acha githeri, maharagwe na sukuma. Makapi yake hukaa tumboni na mizani inayahesabu. Kula wali, mayai na samaki, chumvi kidogo. Jaketi mbili za kukimbilia kupanda Milimani, Nakuru, hazichomi mafuta, zinatoa jasho tu. Kisumu joto lenyewe linatosha. Dawa za kukojoza zimepigwa marufuku michezoni, na zinavuruga chumvi ambazo moyo unazihitaji.

Mizani ya gym usiiamini hivihivi: iwekee mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, uone inasema nini.

Ukishapimwa, kila kilo uliyopoteza irudishie lita moja na nusu, kwa mafunda, ukianza na maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari. Ukigugumia maji matupu utakojoa au utatapika. Baada ya saa moja, uji, kisha wali.

Kwenye mkataba yaandikwe haya: kilo, raundi (mgeni asizidi 4), aunsi za glavu, malipo na makato yake, nani analipa nauli na vipimo vya damu na macho. Na mpinzani akizidisha uzani, ni asilimia ngapi ya pesa zake inakuja kwako.