Anzeni jukwaani: kwa mabinti wa Malindi wanaotaka kuigiza vichekesho

Wadogo zangu, kila tukitoka mazoezini mnaniuliza kama muanze na televisheni au na jukwaa. Mimi nasema jukwaa. Televisheni siidharau, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Lakini kuchekesha mtu hufunzwa na kicheko cha watu walio mbele yako, na kamera haicheki.

Kicheko kina mwendo wake. Huanzia kona moja, mara nyingi kwa akina mama waliokaa mkekani mbele, kikapanda, kikafika juu, kisha kikaanza kushuka. Mwigizaji mgeni hukiogopa kile kituo cha kungoja, akadakia mstari unaofuata watu wangali wanacheka. Mstari umepotea, hakuna aliyeusikia. Lililo baya zaidi, watazamaji hujizoeza kunyamaza ili wakusikie, na watazamaji wakishajizuia kucheka, kuwafungua tena ni kazi. Subiri. Kinapoanza kushuka tu, ingia. Ukingoja kiishe kabisa, moto umepoa. Na unapongoja usisimame kama mtu anayesubiri matatu: kama wewe ni mke uliyekasirika, endelea kukasirika.

Huku kwetu kuna jambo jingine, upepo. Maonyesho yetu mengi ni ya uwanja wazi, na kusi likivuma, Aprili hivi mpaka Septemba, hubeba silabi za mwisho. Neno la kuchekesha aghalabu huwa la mwisho katika sentensi, kwa hiyo ndilo linalochukuliwa. Mwombeni mwongozaji ageuze jukwaa upepo utoke mgongoni mwenu uende kwa watu, na msiache sauti ianguke mwishoni mwa mstari. Onyesho lianze baada ya Isha, msije mkakatizwa na adhana katikati ya mzaha.

Mkifika mbele ya kamera, kila kitu hupungua isipokuwa macho. Mpiga picha akicheka, teki, yaani kipande kinachorekodiwa, imeharibika, basi wote wanabana pumzi. Hapo ndipo aliyepitia jukwaani humshinda mwenzake, maana kicheko anakisikia kichwani na anajua akiachie nafasi kiasi gani.

Chukua mfano wa mke anayemmiminia mumewe chai huku mume akieleza alikolala jana. Anadanganya, mke anajua, birika linaendelea kumimina mpaka kikombe kinafurika, sahani inafurika, meza inalowa, na mke bado anamtazama mume machoni. Jukwaani mtaifanya mara moja na watu watapiga makofi. Kwenye televisheni mtaifanya kwa mbali, tena kwa karibu usoni mwako, tena birika peke yake, tena uso wa mume ilhali wewe huonekani. Kila mara birika liwe mkono uleule, leso bega lilelile, na chai ifurike kwenye neno lilelile, la sivyo mhariri hana cha kuunganisha. Mimi hulifunga tendo kwenye neno: akisema "jana" birika linainama, akisema "wallahi" chai inamwagika. Na kamera ikiwa kwa mwenzako, mpe uso wako wote. Wapo wanaosoma simu wakati huo. Sipendi kabisa kufanya nao kazi, kwa sababu mwenzako akitazama kipaji cha uso kilichoinamia simu hana cha kujibu.

Tafuteni vipindi vya zamani vya Vitimbi, vile vichekesho vya televisheni ya KBC, mmtazame Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, wakati mumewe Mzee Ojwang' ndiye anayezungumza. Mtazameni yeye, si Ojwang'. Na kwa Ojwang' kuna somo lake: Benson Wanjau, aliyemwigiza na ambaye alifariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ya Kijaluo aliibeba nchi nzima ikamwamini. Aliijua.

Hilo nalisema kwa uchungu kidogo. Mtaitwa Nairobi mkaambiwa "sema Kipwani", na wanachotaka ni buibui, kuvuta maneno na mambo ya majini na mapepo. Msikubali upesi. Mwamu wa Lamu hasemi kama Mmvita wa Mombasa, Mgiriama wa Maweni hasemi kama Mbajuni, na kijana wa ufuoni aliyekulia kwa Waitaliano wa hapa Malindi ana yake. Mwulizeni mwandishi mhusika huyu katoka mtaa gani. Akikosa jibu, mpeni ninyi, kwa upole. Mara nyingi wanashukuru, na mzaha unakuwa mtamu kwa sababu sasa unamhusu mtu.

Mkataba someni kabla ya kutia sahihi, hata kama mnaambiwa gari linangoja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwigizaji haki katika uigizaji wake, lakini nyingi ya haki hizo unaweza kuzitoa mwenyewe kwa sentensi moja usiyoisoma. Angalieni kipindi kikirudiwa au kikiwekwa mtandaoni mnapata nini. Angalieni siku za kurekodi zisigongane na mazoezi ya jukwaa mliyokwisha kuahidi, kwa kuwa kundi halina wa kushika nafasi yako usiku wa onyesho. Na kutoka Malindi hadi Nairobi ni matatu mpaka Mombasa kisha treni au basi la usiku: nani analipa nauli, na utalala wapi? Jibu liandikwe humohumo kwenye mkataba.